Wasifu wa Marehemu, Ukurasa wa Pili

Kwetu Machame, Kilimanjaro, mtu akifariki, kazi zinagawanywa kabla chai haijapoa. Huyu turubai, yule jeneza, wale pombe ya mbege. Mimi, kwa kosa la kuishi Dar es Salaam na kuvaa miwani, nikapewa wasifu wa marehemu. Niuandike, niusome.

Marehemu ni bibi yangu mzaa baba, aliyeshusha ndizi soko la Kwa Sadala miaka na miaka mpaka magoti yalipogoma.

Nilifika usiku, umeme umekatika, karatasi hakuna. Nikapapasa chini ya godoro lake nikatoka na kauntabuku, lile gumu la mgongo mwekundu. Hilo ndilo lilikuwa benki yake. Bibi alijifunza kuandika akiwa tayari na watoto wanne, mwaka 1970, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima. Hakwenda kisomo kwa ajili ya siasa. Alikwenda kwa sababu mchuuzi mmoja alihesabu mikungu yake saba akamwambia ni sita, naye akaona kabisa anaibiwa ila hana pa kuonyesha. Tangu siku hiyo kila kilichotoka kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, kiliandikwa. Isipokuwa kahawa. Kahawa ilikuwa mali ya babu. Ndizi na maziwa ndiyo mali ya mama. Bei ya kahawa duniani ilipoporomoka mwaka 1989, babu alikaa barazani akitazama mibuni kama ndugu waliomsaliti. Ada ya baba ikalipwa na migomba.

Daftari lilikuwa limejaa, ila katikati nikapata karatasi moja tupu mbele na nyuma. Nikawasha tochi ya simu, nikaandika mpaka majogoo. Niseme ukweli, niliandika vizuri. Nililia mwenyewe mara mbili.

Asubuhi wakanikuta sina kazi, wakanikabidhi kisu nimenye ndizi za mtori. Anayeujua utomvu wa ndizi ameshaona ninakoelekea. Unanata, na sabuni inauchekea tu. Nilinawa harakaharaka, nikashika daftari, nikaenda mbele ya watu.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda kama maji ya mfereji wa mfongo. Kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa. Majani ya ng'ombe aliyoyatoa porini, mzigo juu ya ngata, kilima chote, huku akisuka ukili wala hashiki mzigo. Akina mama wakaanza kupenga. Nikafika mstari wa mwisho, niliokuwa nimeupanga uwalize: "Bibi hakuwahi kumnyima mtu. Miongoni mwa waliofaidi ukarimu wake ni..."

Nikafunua. Zikafunuka karatasi mbili, zimegandana kwa utomvu wa vidole vyangu. Miwani imejaa ukungu wa machozi, na akili yote iko kwenye sauti isikatike. Nikaendelea kusoma kilichokuwa mbele yangu, polepole, kwa heshima zote.

"...Mama wa bondeni, mikungu mitatu ya mshare. Amesema Jumamosi. Jumamosi hiyo haijafika."

Kimya. Nikadhani wameguswa.

"Balozi, debe la ulezi. Mbege imenyweka, debe halijarudi. Mzee wa kanisa, maziwa lita 12. Anasema Mungu atanilipa. Mungu sikumkopesha."

Nyuma yangu baba mdogo akakohoa. Nikajua ni huzuni, nikapandisha sauti kidogo ili nimsaidie. Mchungaji alikuwa ameinamisha uso ndani ya kitabu cha nyimbo, mabega yanatetemeka. Masikini, nikasema moyoni, alimpenda sana.

"Mjukuu wa Dar," nikasoma, "shilingi 20,000, biashara ya kuku wa mayai. Sijaona kuku. Sijaona mayai."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mjukuu wa Dar alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameshika kipaza sauti.

Aliyeanza ni yule bibi mwenzake marehemu wa kuchuma majani. Alicheka cheko moja jembamba kama la msichana, kiti cha plastiki kikamteleza, akabaki amekaa chini kwenye nyasi akipiga mapaja. Baada yake turubai zima likaenda. Watu walicheka huku wanalia, wengine wanacheka huku wanahesabu kichwani kama wao wamo. Mzee wa kanisa alikuwa ametazama kilele cha Kibo. Siku hiyo kulikuwa na mawingu, Kibo haionekani.

Ukafika wakati wa neno la familia, lile la kila msiba: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aje tuzungumze. Baba mdogo akasimama, akafungua mdomo, akaufunga. "Tangazo langu," akasema, "naona limeshasomwa."

Tukamzika kihambani, pembeni ya babu.

Siku zilizofuata ndizo sikuzitegemea. Asubuhi ya kwanza mkungu wa mshare ulikuwa umelazwa mlangoni, hauna mwenyewe. Mchana debe la ulezi. Mama mmoja alikuja amekasirika kwamba kwake yeye ilikuwa mikungu miwili na si minne, akafunguliwa daftari, akaonyeshwa tarehe, akakaa akala mtori. Mzee wa kanisa alileta maziwa lita mbilimbili kila jioni kwa siku sita, na siku ya sita akachuma isale akaenda nalo kaburini peke yake. Alikaa huko muda mrefu. Wachaga tunalijua isale ni jani la kuombea msamaha, hakuna aliyemfuata.

Shangazi ndiye aliyerithi daftari. Nilipokuwa naaga alinisindikiza mpaka barabarani, amelishika kwapani kama pochi.

"Haya baba, na wale kuku?"

"Shangazi, nikifika tu nakutumia kwenye simu."

Akalilaza daftari juu ya goti, akalamba kidole, akafunua taratibu kurasa zilizogandana. Kalamu alikuwa nayo nyweleni. Akaandika huku anatamka kila neno, nami nasikia.

"Amesema atatuma. Jumamosi."

Jumamosi sikuitaja mimi.