Hoja Ikifungwa, Kaifunga Nani?

Kuna neno kwenye jedwali letu la hoja za usalama wa mifumo nimeanza kulichukia: "inaendelea". Wakaguzi walipoibua hoja, yaani kasoro inayotakiwa kurekebishwa, Oktoba, ikaandikwa inaendelea. Kikao cha Januari, inaendelea. Aprili Bunge la bajeti limeanza, Dodoma hupati chumba cha hoteli, nayo bado inaendelea. Ukiuliza inaendelea kwenda wapi unaonekana mkorofi.

Mpangilio wenyewe tumeuiga kwa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti zake zinazofika bungeni hueleza pia mapendekezo ya nyuma yamefikia wapi: yaliyotekelezwa, yanayoendelea, yasiyotekelezwa, yaliyopitwa na wakati. Ila sisi watu wa TEHAMA tuliiga safu tukaacha kazi. Mkaguzi wa hesabu haifungi hoja kwa kuambiwa tu. Anadai vielelezo, anahakiki. Kwetu anayefunga ni yuleyule aliyepewa kurekebisha.

Ofisi moja niliyopitia (siitaji, chai bado nakunywa nao) ilikuwa na hoja ya seva yenye programu iliyochakaa. Safu ya hali ilikuwa ya kijani: imefungwa. Nikamuuliza kijana mhusika. "Kaka, ile nilishaiwekea kiraka mwezi wa pili." Kiraka ni sasisho la kuziba tundu la programu, na kweli alikuwa ameweka. Tatizo seva zilikuwa mbili. Ya pili, ya akiba, ilikuwa chini ya meza karibu na masjala, imejaa vumbi jekundu, inawaka, na inapokea maombi ya mtandaoni kutoka nje. Kijana hakudanganya, alirekebisha aliyoijua. Hoja nayo iliandikwa "seva", bila kusema ipi.

Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, ililipia uzembe wa aina hiyo mwaka 2017. Kiraka cha Apache Struts, programu ya kujengea mifumo ya tovuti, kilitoka tarehe 7 Machi. Siku mbili baadaye barua pepe ya ndani ikaagiza kiwekwe ndani ya saa 48. Wakapima mifumo yao, kipimo hakikuona kitu. Mei wadukuzi wakaingia kwa tundu hilohilo, na mpaka wanagundulika mwishoni mwa Julai walishachota taarifa za watu takriban milioni 147. Agizo lilitoka kwa wakati, tena kwa maandishi.

Kwa maoni yangu, asiyepima upya asiruhusiwe kufunga. Kila hoja iwe na jina la mtu, maana "Idara ya TEHAMA" haina simu ya kupigiwa usiku. Na kama mfumo hautibiki, mkandarasi keshaondoka na hela ya mpya hakuna, basi mkuu wa taasisi asaini kwamba ameikubali hatari hiyo, na saini iwe na tarehe ya kwisha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023, sidhani kama wengi watasaini kwa furaha. Ndiyo nia yangu.

Nilipolisema hili kikaoni, mwenyekiti akauliza asilimia ya hoja zilizofungwa ikishuka tutaelezaje. Swali la haki, robo mwaka inaisha na taarifa inasubiriwa. Tukachagua hoja tano za kijani tuzipime palepale, projekta ikiwa imewashwa. Mbili zilirudi nyekundu kabla chapati hazijapoa. Mwenyekiti akaomba projekta izimwe kwanza.