Geti la mkono nalo linaua
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema mageti kubana au kuangukia watu ni shida ya ughaibuni, kwenye mageti ya umeme, na kwamba sisi wa kusukuma kwa mkono tuko salama. Hapo napinga kabisa. Ni kweli Uingereza mwaka 2010 watoto wawili walifariki kwa kubanwa na mageti ya umeme, lakini geti zito la chuma halihitaji mota ili liue. Lile la kwenye reli linasimama wima kwa sababu ya vigurudumu vya juu vinavyolishika kwenye nguzo, pamoja na kizuizi mwisho wa reli. Kizuizi kikikatika, mtoto akisukuma kwa nguvu, geti linapitiliza na kumlalia. Huku Tanga chumvi ya bahari inaharakisha mambo. Pita mtaa wa Raskazone ukaangalie yale mageti ya kufunguka kama mlango, chini ya bawaba: rangi imetoka malengelenge, ukibonyeza kwa kidole inamwagika unga wa kutu. Na sisi tunapaka rangi mpya juu yake Idi ikikaribia! Mpangaji anasema ni kazi ya mwenye nyumba, mwenye nyumba yuko Dar, watoto wanabembea hapohapo kila jioni. Jirani yangu alimwita fundi wa kuchomelea bawaba ya juu ilipoachia, wakakuta nondo iliyoingia ukutani imeliwa imebaki nyembamba kama msumari. Nyie wa Pangani na Bagamoyo, mafundi wenu wanakwangua kutu na kupaka rangi ya kuizuia kwanza, au wanachomelea juu kwa juu tu?