Moyo Unaojua na Bado Unakataa

Bibi alipofariki, nyumba yake kule Tanga ilifungwa miezi minane. Siku tuliyoifungua, kilichonishika si kitanda chake wala msala wake, bali kabati la vyombo. Sahani za maua, zile alizowatolea wageni tu, zilikuwa zimepangwa vilevile, vumbi limezitanda. Usiku ule nikaurudia utenzi wa Al-Inkishafi, ambao shuleni niliisoma kwa ajili ya mtihani.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga yapata miaka 200 iliyopita, na kinachomliza ni Pate, mji uliokuwa umeneemeka kwa biashara ya baharini. Anatuingiza hadi ndani ya majumba ya matajiri. Vidaka vya ukutani, vilivyowekwa vyombo vya kaure, sasa vimelaliwa na makinda ya ndege. Popo wananing'inia juu, buibui wametanda vitandani, na hata mnong'ono husikii. Shuleni tulijaza: "Dhamira: kifo, ubatili wa dunia." Tukapata alama zetu, tukafunga kitabu.

Orodha za namna hiyo zinaniudhi, kwa sababu zinatufanya tuamini kwamba tumeshaelewa.

Mchukue Gilgamesh, mfalme wa Uruk, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Masimulizi yake yaliandikwa kwenye vigae vya udongo. Vingi vilifukuliwa Ninawi, kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Rafiki yake Enkidu anakufa, naye anakataa kuutoa mwili uzikwe. Anaukalia siku sita na usiku saba, mpaka funza anadondoka puani mwa maiti. Kila nikifika hapo huwa naacha kusoma kidogo. Kisha anashika njia hadi mwisho wa dunia kutafuta uzima wa milele, anapata mmea wa kurudisha ujana, na alipoingia majini kuoga, nyoka akaubeba.

Hapo pia tungejaza "kifo". Lakini tazama wawili hawa wanavyoachana. Gilgamesh anarudi kwao mikono mitupu, anamwonyesha Urshanabi, yule mwendesha mashua, ukuta wa Uruk. Ukuta ndio faraja yake. Kwa mshairi wa Pate, kuta zenyewe ndizo zilizoanguka. Faraja yake iko kwa Mungu na Akhera. Majibu yako mbalimbali kabisa.

Kinachowakutanisha, kwa maoni yangu, ni ukaidi. Al-Inkishafi haikemei matajiri waliokufa. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anaubembeleza, anauuliza kwa nini hauzinduki, ilhali umeyaona yote. Moyo unajua, na bado umeing'ang'ania dunia. Gilgamesh naye ameuona mwili wa rafiki yake ukiharibika, na bado hautoi. Mtu wa Uruk na mtu wa Pate, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia mwenziwe, wameugua ugonjwa mmoja. Natamani walimu wa fasihi wawaulize wanafunzi kuhusu moyo huo kabla ya kuwauliza dhamira.

Mama anajua kwamba bibi hatarudi. Alishika maiti, alikosha, alikaa matanga pamoja na majirani na ndugu waliokuja kuhani. Lakini sahani zile hataki zigawiwe. Kila tukienda Tanga anazishusha moja moja, anazifuta vumbi, anazirudisha kabatini.