Annabelle ni mrembo, ila mvua ikinyesha utajua hujui

Najua mtakuja juu lakini mi nishasema, hii haidrenjia ya Annabelle, kichaka cha maua cha bustanini, inasifiwa kuliko inavyostahili. Juzi imepiga mvua ya nusu saa tu, kutoka nje nakuta kichaka kizima kimelala, yale mashada meupe makubwa kama kichwa cha mtoto yamelowa chapachapa yako kwenye matope. Nikanyanyua moja nikalikung'uta, maji yote yakaishia kwenye kiatu changu, kuliachia likarudi palepale chini.

Kichekesho ni kwamba huu mmea kwao ni hukohuko mashariki ya Marekani, unaota wenyewe msituni, na ule wa porini kwa kawaida hauna makeke hayo kwa sababu shada lake ni bapa na jepesi, katikati vijiua vidogovidogo vyenye chavua, pembeni vile vyeupe vichache vya kuringia tu. Sasa mwaka 1910 hivi, karibu na mji wa Anna kule Illinois, Harriet Kirkpatrick akakutana na mmoja wa ajabu, karibu vijiua vyote vimegeuka vya kuringia, akaupeleka nyumbani akapanda, watu wakawa wanagawana tu wenyewe kwa wenyewe weee, hadi 1962 ndo J. C. McDaniel wa Chuo Kikuu cha Illinois akaupa jina la Annabelle na kuutambulisha rasmi. Yaani Annabelle zote hizi tunazoziona ni vipandikizi vya mmea uleule mmoja!

Na hapo ndo ugomvi wangu ulipo, kwamba kilichompendeza binadamu kimemnyima nyuki. Kaa pale asubuhi uangalie, nyuki anatua, anazungukazunguka juu ya shada kama mtu aliyeingia dukani akakuta rafu tupu, huyoo anaondoka. Mt. Cuba Center, bustani moja ya Delaware, walizijaribu aina kibao za haidrenjia hii kwa miaka kadhaa na iliyoongoza ni Haas' Halo, ambayo ina mashada bapa kama ya porini, na wadudu nao walizipenda zaidi hizo bapa. Mniambie basi.

Kuna wa kusema nunua Incrediball, aina nyingine ya haidrenjia hiihii, vishina vyake vinene. Sawa, ila shada lenyewe nalo ni zito zaidi na nyuki bado ana njaa.

Haki yake nimpe lakini, Annabelle haidekezwi, baridi haiitishi, hata ukiikata mwishoni mwa majira ya baridi inachanua mwaka huohuo kwa sababu maua yanatoka kwenye matawi mapya. Usiifyeke hadi chini tu, bakiza kama sentimita 45, vile visiki vya zamani vinasaidia kushikilia vipya visilale.

Yangu siing'oi, nimeifunga kamba kiunoni kama mgonjwa wa mgongo inaendelea na maisha, ila pale pembeni pana nafasi na nishachimba shimo la Haas' Halo.