Kila mtoto na sahani yake

Nitasema jambo ambalo mabibi wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, hawatanisamehe: katika nyumba yenye mtoto wa kisukari, tuache kula bukari, yaani ugali, kwenye sahani moja.

Ninajua ninachokigusa. Hapa Lubumbashi watoto huzunguka bukari moja, mikono ikipishana, na anayejitenga na chakula chake huonekana ana kiburi, au ana jambo baya zaidi ya kiburi. Lakini mtoto anayechomwa insulini hawezi kula kwa kufuata tumbo tu. Dawa yake hupangwa kulingana na chakula, na robo tatu hivi ya uzito wa unga wa mahindi ni wanga, ambao mwilini unageuka sukari. Kwenye sahani ya pamoja nani anahesabu matonge? Leo kaka zake wana njaa, yeye anaambulia matatu. Kesho wameshinda wakila maembe, yeye anakula manane. Insulini ni ileile. Ndipo kipimo cha sukari ya damu (mg/dL) kinasoma 60 leo, chini mno, na 350 kesho, juu mno, na mama anafokewa kliniki kwamba hafuati maagizo.

Nyumba nyingi hujaribu kutatua hilo kwa kumtenga mgonjwa. Anapewa kibakuli chake, mboga yake isiyo na ladha, huku wengine wakiendelea kama zamani. Mtoto wa miaka minane ale peke yake akiwatazama wadogo zake? Atakwenda kwa jirani, atanunua mandazi njiani akienda shule, na hatasema. Ndiyo maana nasema kila mtoto, si yeye peke yake. Bakuli moja la kupimia, lilelile kila siku, linalowagawia wote. Lengalenga na matembele ziongezwe kwa wote. Sukre, yaani soda, ikikosekana mezani, ikosekane kwa wote, baba akiwemo. Hakuna mzee atakayeugua kwa kunywa maji. Na bibi akisema tunawafundisha watoto uchoyo, mwambieni wanakaa mkeka mmoja na kuchota mboga sufuria moja.

Mashangazi nao wana yao: eti mama alimlisha mtoto pipi nyingi. Hapana. Kisukari cha aina ya 1, ambacho ndicho huwapata watoto wengi wenye ugonjwa huu, hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mama hana kosa hapo. Wala bukari ya muhogo haimponyi mtu, maana wanga wake haupungui kuliko ule wa mahindi. Kwa wanaouza mizizi sokoni nina jibu moja tu. Kabla ya Januari 1922, insulini ilipochomwa kwa mara ya kwanza kwa mvulana wa miaka 14 huko Toronto, madaktari waliwanyima watoto hawa chakula karibu chote ili kurefusha maisha yao kidogo. Walikonda wakabaki mifupa, kisha wakafa. Kama kufunga kula hakukuwaponya, sijui mzizi gani utawaponya.

Sukari yenyewe lazima iwepo nyumbani. Kipimo kikishuka chini ya 70 mg/dL, mtoto akitoka jasho, akitetemeka, akianza kuropoka, apewe vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apimwe tena. Akiwa hawezi kumeza, msimmiminie kitu mdomoni. Kimbieni naye hospitali. Wadogo zake waambiwe mapema kwamba ile ni dawa, la sivyo kila mmoja wao ataanza kutetemeka jioni.

Kuna jambo ambalo sahani haiwezi kulimaliza, nalo ni saa. Kwa familia nyingi mjini chakula cha kweli ni kimoja, cha usiku, baba au mama anaporudi na chochote alichopata. Insulini ya kuchanganya, inayochomwa asubuhi na jioni, haijui kwamba unga haujafika. Inashusha sukari tu. Wazazi wengine, wakiona chungu kitupu, wanaacha kuchoma kabisa, na hilo ni hatari vilevile: bila insulini mwili huanza kuunguza mafuta yake, damu inajaa asidi, mtoto anatapika, anahema kwa nguvu, na asipotibiwa haraka anakufa. Kiasi cha kuchoma siku ya njaa kiulizwe kwa muuguzi mapema, kikiwa bado hakijahitajika, kiandikwe kwenye daftari la mtoto.

Na katika nyumba zinazokula kwa delestaje, yaani kwa zamu kama umeme wa mgao, leo hawa kesho wale, usawa wangu wote wa sahani unaanguka. Huko mtoto huyu lazima ale kila siku, saa yake, hata kama mkubwa wake atalala na chai. Sijapata maneno ya kumwambia huyo mkubwa. Mama zao wanayatafuta kila jioni.