Dola za safari: kununua mapema au kungoja siku za mwisho?

Kila inapokaribia misimu ya Umra na Hija, na kila familia inapoanza kumchangia mgonjwa anayepelekwa India kwa matibabu, swali moja hurudi kwenye baraza za Malindi na Lamu: shilingi zilizokusanywa zigeuzwe kuwa dola mara moja, au zikae mpaka safari ikaribie, kwa tumaini kwamba bei itashuka? Wapo wanaoshikilia kwamba mwenye safari ya nje hana sababu ya kukaa na shilingi hata siku moja. Wapo pia wanaoona kwamba anayenunua mapema anajifunga kwa bei ambayo huenda ikawa mbaya kuliko ya mwezi ujao. Kila upande una hoja, na kila upande una mwaka wake wa kuutolea ushahidi. Maoni yangu ni kwamba tunabishana mno juu ya bei itakavyokuwa, jambo ambalo hakuna kati yetu anayelijua, na tunalitazama kidogo mno deni lenyewe la msafiri: ni la fedha gani, linalipwa lini, na linapita katika mikono mingapi kabla ya kulipwa.

Ushahidi wa wanaonunua mapema ni mwaka 2023. Mwaka ulipoanza, dola moja ilikuwa takriban shilingi 124 kwa kiwango cha Benki Kuu ya Kenya, na ulipokwisha ilikuwa imepita 156. Tuseme wakala wa safari alimtaka mteja wake dola 2,000. Aliyenunua Januari alitoa kama shilingi 248,000. Aliyengoja mpaka Desemba alitoa zaidi ya 312,000 kwa ndege ileile na kitanda kilekile. Tena hiyo ni hesabu ya Benki Kuu, kwa kuwa mwaka huo dola zilikuwa adimu na benki nyingi ziliuza kwa bei ya juu zaidi ya kiwango hicho. Mvuvi au mama mwenye genge aliyekuwa akijiwekea kidogo kidogo kwa shilingi aliona akiba yake ikikua na safari yake ikizidi kurudi nyuma. Ukimwambia mtu huyo kwamba angepaswa kuwa na subira, utakuwa hujamsikiliza.

Wanaongoja nao wana ushahidi wao, na ulipatikana muda mfupi baadaye. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 161. Hofu kubwa wakati huo ilitokana na hati fungani ya dola bilioni 2 ambayo Kenya ilitakiwa kuilipa Juni mwaka huo, na wengi walitilia shaka kama fedha hizo zingepatikana. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 katika masoko ya nje na kuitumia kununua sehemu kubwa ya deni hilo kabla halijaiva. Hofu ikatulia, waliokuwa wameficha dola wakazitoa, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 132. Wakati huo Ramadhani ilikuwa inaingia kumi la mwisho, ambalo wengi hulipenda kwa Umra. Aliyekimbilia dirisha la kubadilisha fedha Januari kwa kuogopa kwamba dola itafika 200 alilipia dola zake 2,000 shilingi 322,000, na mwenzake aliyechelewa akazipata kwa 264,000.

Jambo hilo halikuwa geni. Oktoba 2011 dola ilipanda hadi kama shilingi 107, Benki Kuu ikapandisha riba yake ya msingi mpaka asilimia 18, na mwaka ulipomalizika bei ilikuwa imerudi karibu na 85. Ukizitazama nyakati hizi mbili pamoja, utaona kwamba bei inayoruka kwa hofu huweza kurudi chini katika wiki chache. Lakini ukitazama kutoka 85 ya mwisho wa 2011 hadi takriban 129, bei ambayo shilingi imekaa nayo kwa muda mrefu tangu katikati ya 2024, utaona mteremko wa polepole wa thamani ya shilingi ambao haurudi. Ndiyo sababu pande zote mbili husema kweli na bado hazielewani: mmoja anazungumzia miaka, mwingine anazungumzia wiki. Anayeweka akiba ya Hija kwa miaka mitano yuko ndani ya mteremko, na kwake shilingi ni chombo kinachovuja. Anayesafiri baada ya wiki sita huku magazeti yakipiga kelele kuhusu dola yuko ndani ya hofu, na kwake kununua zote kwa siku moja ni kukubali bei iliyotajwa na watu walioogopa. Hata hivyo sitamlaumu aliyenunua kwa 161. Siku ile hakuna aliyejua kwamba hapo ndipo kilele.

Kwa hiyo naona ni sahihi kugawanya fedha za safari kabla ya kuulizana juu ya siku. Ipo sehemu ambayo tayari ni deni la dola lenye tarehe: malipo ya wakala, tiketi, amana inayotakiwa na hospitali. Sehemu hiyo inunuliwe na kulipwa mara tu shilingi zinapotosha, kwa sababu anayeiacha katika shilingi anabahatisha kwa fedha ambazo si zake tena. Kwa mgonjwa hoja hii ina nguvu maradufu. Daktari hatasogeza upasuaji kwa kungoja dola ishuke, na familia iliyochangiwa na watu wa mtaa mzima haina haki ya kucheza na michango yao. Sehemu ya pili ni matumizi ya huko: chakula, teksi, zawadi, dharura. Hii inaweza kungoja, na ikigawanywa mafungu mawili au matatu ya ununuzi, msafiri hatapata bei bora kabisa wala hatapata mbaya kabisa. Wanaopinga njia hii husema kwamba inamchosha mtu kwa faida ndogo. Kwa dola 300 nakubaliana nao. Kwa dola 3,000 sikubaliani.

Lipo pia suala la fedha za kule unakokwenda, ambalo kwa wasafiri wa pwani yetu ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Riali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu 1986, riali 3.75 kwa dola moja. Dirhamu ya Imarati imefungwa kwa 3.6725 tangu 1997, na riali moja ya Omani ni takriban dola 2.6. Anayekwenda Makka, Dubai au Maskati hana bei mbili za kufuatilia; ana bei ya dola peke yake. Faida yake ya pili ni kwamba anaweza kulipima dirisha lolote kwa kalamu na karatasi. Dola ikiwa shilingi 130, riali ya Saudia inapaswa kuwa karibu shilingi 34.70. Akiuziwa kwa 36.50, ajue kwamba katika riali 3,000 ametoa karibu shilingi 5,500 zaidi, na kwamba huenda ingekuwa nafuu kwake kubeba dola na kuzibadilisha Makka au Madina, ambako biashara hiyo hufanyika usiku na mchana na pengo la bei ni dogo. Achukue riali za siku mbili za mwanzo tu, za teksi na maji.

Rupia ya India ni habari nyingine. Haikufungwa, na kwa miaka mingi imekuwa ikipungua thamani mbele ya dola, kwa hiyo sioni sababu ya kuinunua mapema. Dola ndizo za kuhifadhi. Anayeingia India na noti za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000 anatakiwa kutangaza forodhani, na Kenya nayo hudai tangazo kwa fedha za thamani ya dola 10,000 au zaidi, jambo ambalo familia inayobeba fedha za upasuaji haina budi kulijua kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Yuro inahitaji tahadhari ya pekee, hasa Malindi, ambako Waitaliano wamekaa kwa miaka mingi na vijana wetu wengi hufuata wenza au kazi Italia. Husemwa kwamba shilingi imetulia. Imetulia mbele ya dola. Mwanzoni mwa 2025 yuro ilikuwa karibu shilingi 133. Kufikia Julai ilikuwa karibu 150, si kwa kosa la shilingi bali kwa sababu yuro yenyewe ilipanda mbele ya dola. Aliyeangalia bei ya dola tu na kujituliza alikuta nauli yake ya treni na kodi ya chumba zimepanda kwa zaidi ya asilimia kumi. Mwenye safari ya Ulaya anayelipwa na wageni kwa yuro, kama wanavyolipwa wengi wa mahotelini, afadhali azihifadhi hizohizo kuliko kuziuza leo na kuzinunua tena baadaye.

Hapa ndipo tunafika kwenye hasara ambayo naiona kubwa kuliko ya kukosea siku. Simama mbele ya duka lolote la kubadilisha fedha na usome kibao: kuna bei ya kununua na bei ya kuuza, na zote mbili ni za mwenye duka. Akinunua kwa 128 na kuuza kwa 131.50, msafiri anayechukua dola 2,000 na kurudi na 500 amepoteza shilingi 1,750 kwa hizo 500, hata kama bei haikusogea hata senti. Pengo hilo hupanuka katika viwanja vya ndege, mahali ambapo abiria hana pengine pa kwenda. Mtu wa Lamu ana tabu zaidi, kwa kuwa madirisha ya kuchagua ni machache kisiwani. Akitoka kwa boti mpaka Mokowe na basi mpaka Malindi au Mombasa, namshauri shilingi zake zibaki benki au kwenye simu, kisha alinganishe madirisha mawili au matatu mjini kabla ya kuamua. Kutembea asubuhi moja kunaweza kumwokolea zaidi ya mwezi mzima wa kufuatilia habari za dola. Duka liwe lenye leseni ya Benki Kuu, na risiti ichukuliwe.

Dirishani kwenyewe noti hukaguliwa. Mhudumu huipitisha chini ya taa ya buluu, huikunjua pembe, huitazama kama ina mchoro wa kalamu au muhuri, kisha hutazama mwaka. Dola za matoleo ya zamani na noti ndogo za 1, 5 na 10 mara nyingi hupewa bei ya chini au hukataliwa. Anayenunua mapema na kuweka sandukuni ana wajibu wa kuzikagua siku anayozipokea, kwa kuwa noti iliyochakaa haitamfaa safarini.

Wanaotetea kungoja hutoa hoja moja ambayo ni nzito kuliko ile ya kubahatisha bei: shilingi zilizowekwa vizuri huzaa, na dola za sandukuni hazizai. Mwanzoni mwa 2024 hati za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka. Hiyo ni fidia ya kweli kwa kushuka kwa shilingi. Lakini wengi wa wanaosafiri kutoka huku hujiepusha na riba, na wakiweka akiba ya Hija katika akaunti isiyozaa chochote, hoja hiyo inawaondokea. Kwao shilingi inashuka bila fidia, labda wawe katika akaunti ya mudharaba, yaani ya kugawana faida badala ya riba, katika benki ya Kiislamu. Kwa watu hawa, na ni wengi, kununua dola kidogo kidogo kwa safari ya miaka ijayo naona ndiyo njia yenye haki zaidi kwa jasho lao.

Wapo pia wanaoahidiwa na wakala au mfanyabiashara kwamba watoe shilingi leo na dola watazikuta mwezi ujao kwa bei ya leo. Fikihi ya kubadilishana fedha inataka mkono kwa mkono, kila upande ukabidhiwe palepale, na ahadi ya namna hiyo inahitaji kuulizwa kwa mwanachuoni kabla ya fedha kutolewa. Kumlipa wakala bei ya huduma kwa shilingi ni jambo jingine na halina shida, mradi risiti iseme wazi kwamba deni limekwisha na halitahesabiwa upya kwa dola.

Kadi ya benki imewapunguzia wengi mzigo wa uamuzi huu, ingawa nayo ina makato ya kubadilisha fedha na haifanyi kazi kila mahali. Mashine ya ng'ambo ikikuuliza kama ukatwe kwa shilingi za Kenya au kwa fedha za nchi ile, chagua fedha za nchi ile, kwa sababu bei ya shilingi inayowekwa na mashine kwa kawaida ni mbaya kuliko ya benki yako.

Zikibaki noti baada ya safari, dola zihifadhiwe ikiwa kuna mtu wa nyumbani atakayesafiri, kwa kuwa gharama ya kuzinunua imeshalipwa na kuziuza ni kulipa mara ya pili. Riali na dirhamu zibadilishwe huko huko kabla ya kupanda ndege, na sarafu zitumike uwanjani, kwani madirisha ya huku hayazipokei.