Pankeki zisizopita motoni: anza na ndizi, achana na unga

Pankeki zisizopikwa, zile za vegani zinazotengenezwa bila yai, bila maziwa na bila kuwekwa motoni, ni chakula kizuri na kinafaa kabisa majumbani kwetu. Nasema hivyo kwa moyo mmoja. Lakini wengi wanaokijaribu hukata tamaa siku ile ile, na sababu naiona ni moja: wanaanza na unga. Wanataka ile chapati ya maji waliyoizoea, iondolewe moto tu, mengine yabaki vile vile. Haiwezekani. Pankeki ya namna hii ni chakula cha tunda, na ukiitengeneza kama tunda inakubali. Ukiilazimisha iwe mkate, inakugomea, na pengine inakudhuru.

Hilo la kudhuru nalisema kwa uzito wake. Unga wa ngano unaouzwa dukani umesagwa tu, haujapikwa, na katika kusagwa hakuna hatua inayoua vijidudu vilivyotoka nao shambani. Ndiyo maana mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huwaonya watu hata wasirambe mchanganyiko wa keki kabla haujaokwa. Maharage mekundu yasiyopikwa yana sumu yake ya asili inayotapisha na kuharisha, na huondoka kwa kuchemshwa sawasawa, si kwa kulowekwa peke yake. Kwa hiyo ukikutana na maelekezo ya kusaga maharage au kunde ukazila bila kupika, eti ni "protini hai", yaache.

Halafu kuna muhogo, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu sisi ndio wenye muhogo. Dar es Salaam mihogo mibichi inauzwa barabarani, inakatwa vipande na kuliwa na nazi na karanga. Ile ni mihogo mitamu, watu wanaijua, na anayekula anatafuna vipande vichache akaendelea na safari yake. Muhogo mchungu ni habari nyingine kabisa. Una kemikali ambayo ikivunjika hutoa sianidi, na bibi zetu hawakuwa wakiuloweka, kuuvundika na kuuanika kwa kupenda kazi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, Tarime ilipata mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiorudisha miguu hiyo tena. Kongo waliujua ugonjwa huo tangu miaka ya 1930. Huwapata watu waliobanwa na njaa, wanaokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, huku hawana chakula kingine cha kuusaidia mwili. Sasa mtu asome kwamba unga wa muhogo hauna gluteni, ile protini ya ngano ambayo wengine huikwepa, akanunua unga asiojua umetokana na muhogo gani wala ulilowekwa siku ngapi, akaukoroga na tui akala hivyo hivyo! Jamani, hapana.

Ndiyo maana nasema ndizi. Ukiondoa maji yaliyomo, ndizi ambayo haijaiva ni wanga kwa asilimia 70 hadi 80. Ikiiva barabara, wanga huo hushuka hadi karibu asilimia 1. Uliobaki wote umegeuka sukari ambayo tumbo linaipokea bila shida. Kazi ambayo moto unaufanyia unga, ndizi imeshajifanyia yenyewe ndani ya ganda lake. Huna haja ya kuiga kupika. Umekabidhiwa kitu kilicho tayari.

Chagua ndizi kisukari. Ni ndogo, tamu, ina mwili mzito na haitoi maji mengi. Subiri ganda liwe na madoa meusi, lile ambalo muuza genge anaanza kulipunguzia bei. Mzuzu usiutumie: hata ukiiva hubaki na wanga wa kutosha na ladha yake inadai mafuta ya moto au maji yanayochemka.

Kiungo cha pili ninachokitetea ni machicha. Kila nyumba ya pwani inayokuna nazi kwa mbuzi na kukamua tui hubaki na machicha, na mara nyingi yanaishia kwa kuku. Yakamue tena kwa nguvu, yatandaze kwenye ungo, uyaanike kwenye jua kali mpaka yachambuke vidoleni. Hapo umepata kitu kinachoshika nafasi ya unga bila hatari ya unga, na tui lako bado lipo kwa ajili ya mbaazi za jioni. Yatumie siku hiyo hiyo, maana machicha mabichi huchacha upesi.

Cha tatu ni unga wa ubuyu. Mapishi ya mtandaoni hutaja maganda ya mbegu za mmea uitwao psyllium, kitu cha kuagizwa na cha bei, ili mchanganyiko ushikane. Ubuyu una pektini nyingi, ile inayogandisha jemu, na unga wake unatokana na tunda lililojikaushia lenyewe mtini. Unashika, na uchachu wake unazuia ndizi kubadilika rangi, kwa hiyo huhitaji hata ndimu. Nazungumzia unga mweupe mtupu unaotoka kwenye tunda, wa Dodoma kwa mfano. Ubuyu mwekundu wa Zanzibar umeshapikwa na sukari na rangi. Ni mtamu, ule kwa nafasi yake.

Kipimo changu ni ndizi kisukari sita, kikombe kimoja cha machicha yaliyoanikwa, vijiko viwili vya chakula vya unga wa ubuyu, kijiko kimoja cha mbegu za chia zilizolowekwa kwenye maji kidogo mpaka zitoe ute, punje nne za iliki zilizotwangwa, na chumvi kidogo sana. Ponda ndizi kwa uma au mchi mpaka zilainike. Blenda si lazima, na kwa kweli naipinga, kwa sababu ikizidi inaufanya mchanganyiko uwe uji na mtu anaanza kuongeza vitu ovyo ili ukaze. Changanya vyote, acha robo saa ubuyu na chia zifanye kazi yake. Ukichota kwa kijiko ukakigeuza, mchanganyiko usidondoke haraka.

Kuanzia hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni rahisi na ndiyo ninayompa mgeni wa mambo haya: unatandaza vijiduara kwenye sahani iliyopakwa mafuta ya nazi, unaweka kwenye friji saa moja, unakula vya baridi. Havitakuwa na ngozi, vitakuwa laini. Basi.

Njia ya pili ndiyo inayoleta ile pankeki inayokunjika mkononi. Osha jani la mgomba, lifute, lipake mafuta kidogo, utandaze mchanganyiko kwa unene usiozidi nusu sentimita. Unene huo ni wa lazima. Ndizi ni maji kwa takribani robo tatu, na ukitandaza nene, juu kutakauka huku ndani kukibaki majimaji na joto la uvuguvugu, hali ambayo bakteria wanaipenda kuliko sisi. Chakula hakitakiwi kukaa saa nyingi kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60; huko ndiko vijidudu huzaana. Pankeki inayokaushwa kwa joto dogo inapita humo humo, na usalama wake unatokana na wembamba, uchachu wa ubuyu na kasi ya kukauka. Ondoa kimoja kati ya hivyo na umejitafutia tumbo la kuendesha.

Anika juu ya uchanja, si chini, ufunike kwa kipande cha chandarua kisafi kisichogusa chakula. Anza saa tatu asubuhi, geuza kama saa sita, toa saa nane au saa tisa mchana. Wakati wa kaskazi jua la pwani linatosha kabisa. Wakati wa masika usijaribu, hata likitoka jua la kudanganya asubuhi, kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji na kitu hakikauki. Tumia friji au mashine ya kukaushia kama unayo. Zikishakuwa tayari zile siku hiyo, au ziweke kwenye friji mpaka kesho yake.

Mapishi mengi ya pankeki hizi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na hilo linaonekana ukiyafuata neno kwa neno. Wanakuambia mafuta ya nazi ndiyo yatakayoshikanisha. Kwao sawa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na jikoni kwangu Dar es Salaam joto halishuki hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukiyategemea, pankeki inalowa mafuta na kuvunjika. Wanakuambia uweke shayiri bapa (oats), nayo kwa kawaida imeshapigwa mvuke kiwandani kabla ya kubanwa. Korosho nyeupe wanazoziita hazijapikwa nazo kwa kawaida zimepita kwenye mvuke au moto kabla ya kubanguliwa, kwa sababu ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Muulize yeyote aliyewahi kubangua Mtwara. Na ile sharubati ya mti wa maple wanayomwagia juu ni utomvu uliochemshwa, takribani lita 40 kwa kupata lita moja.

Silisemi hili ili kumvunja moyo mtu. Nalisema kwa sababu kuna watu wanajitesa na kipimajoto, wakiamini kwamba chakula kikivuka nyuzi 42, au 48 kwa wengine, kimekufa na vimeng'enya vyake vimepotea. Vimeng'enya vya kwenye chakula ni protini kama protini nyingine. Vingi huharibiwa na asidi ya tumbo, na mwili una vya kwake vya kumeng'enyea. Moto huondoa baadhi ya vitamini C, ni kweli. Moto huo huo hufanya mwili upate zaidi rangi ya karoti inayogeuka vitamini A na ile rangi nyekundu ya nyanya. Ninapenda pankeki hizi kwa utamu wake, kwa sababu hazina yai wala maziwa, na kwa sababu zinatumia vitu ambavyo vingetupwa. Sababu hizo zinatosha.

Na chakula kisichopikwa kikiwa ndicho chakula pekee cha maisha yote, hapo sikubaliani kabisa. Watafiti wa Giessen, Ujerumani, walichapisha mwaka 1999 matokeo ya uchunguzi kwa watu wanaokula hivyo kwa muda mrefu. Robo ya wanawake walikuwa na uzito ulio chini ya kawaida, na takribani asilimia 30 ya wanawake walio chini ya miaka 45 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au zimekoma kabisa. Mwili wa mwanamke unapofunga hedhi unasema hauna akiba. Tena anayeacha nyama, samaki, mayai na maziwa vyote, apike asipike, anahitaji kupata vitamini B12 kutoka kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Ndizi na nazi hazina. Mjamzito na mtoto mdogo wasiwekwe kwenye majaribio ya namna hii bila mtaalamu wa lishe.

Pwani hatuhitaji kuhubiriwa kula mimea. Mahamri na mbaazi za nazi, kunde za nazi, muhogo wa nazi, maboga, mchicha: ni vyakula vya kila siku ambavyo havina mnyama ndani yake, na vimepikwa vizuri tangu enzi. Pankeki ya ndizi inakaa kwenye meza hiyo kama kitu cha asubuhi ya mwisho wa wiki, au cha mtoto akitoka shule, pembeni ya chakula kingine. Mwenye ugonjwa wa kisukari apime kiasi, maana ndizi iliyokaushwa ni sukari iliyokusanyika.

Juu yake mimi huweka rojo la tende: tende zilizolowekwa usiku kucha, zikasagwa na maji yake na tone la maji ya ukwaju. Wanavegani hawali asali, na tende zinaijaza nafasi hiyo bila upungufu wowote, hasa Ramadhani zinapojaa madukani. Ufuta wa Lindi ukinyunyizwa juu unaongeza kitu cha kutafuna. Karanga nazo ni nzuri, ila zichambue moja moja na utupe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, inazipata karanga vile vile, na hata kukaanga hakuiondoi yote.

Kwa walio mbali na pwani, badilisheni kwa kadiri ya hali ya hewa yenu. Nairobi au Arusha mwezi wa Julai mafuta ya nazi yataganda yenyewe, kwa hiyo mnaweza kuongeza kijiko na kupunguza chia, lakini jua halitatosha kukausha. Walio Ulaya watumie oveni kwa joto la chini kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo. Itapita zile nyuzi 48, na pankeki itakuwa salama zaidi kwa hilo. Ndizi kisukari mkizikosa, tumieni ndizi ndefu za dukani, ongezeni nusu kikombe cha machicha au nazi kavu iliyosagwa, kwa kuwa zina maji zaidi.